Wanaanza na Programu, Wanafika Kwenye Siasa

Katika matawi ya Chama husikika siku hizi lalamiko moja juu ya vijana wanaotengeneza programu za kompyuta. Wasema wazee kwamba vijana hawa hukutana kwenye intaneti kuulizana mambo ya kazi yao: programu imekwama wapi, hesabu hii mbona yatoa jibu lisilo sahihi, nani ajuaye namna ya kuunganisha mfumo huu na ule. Haipiti saa moja, mazungumzo yamekwisha hama. Sasa ni kodi, ni ajira, ni katiba, ni uchaguzi. Fundi aliyeulizwa habari za mstari mmoja wa maagizo ametoa hotuba. Aliyeuliza ameijibu kwa hotuba ndefu zaidi. Na lile kosa la asubuhi bado limekaa pale pale. Basi wazee huuliza: hawa ni mafundi au ni wanasiasa?

Swali hili lafaa kujibiwa, wala si kwa kejeli. Lakini nionavyo mimi limeulizwa kinyume. La kushangaza lingekuwa mafundi hawa kukaa mwaka mzima wakizungumza programu tupu, siasa isiwafikie. Hebu tulitazame jambo hili, si kutoka Dar es Salaam au Dodoma ambako programu nyingi za nchi hii huandikwa, bali kutoka Rulenge, ambako programu hizo hushukia.

Rulenge ni mji mdogo wa wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, katika nchi ya Washubi. Burundi i karibu, Rwanda haiko mbali. Watu wake hulima migomba, maharage, mahindi na kahawa. Wengi wao hawajapata kumwona mtengeneza programu kwa macho. Hata hivyo amri za mtu huyo huwafikia kila wiki, kwa maana programu si kitu kingine ila amri zilizoandikwa kwa utaratibu: ukiona hiki, fanya hivi, usipokiona, kataa. Tofauti yake na karani wa zamani ni kwamba karani waweza kumweleza. Ataguna, atakukemea, atakuambia uje kesho, lakini ana masikio. Programu haina masikio. Yale yote ambayo aliyeiandika hakuyafikiria, nayo haiyafikirii.

Chukueni mfano wa mbolea. Tangu msimu wa 2022/2023 Serikali imekuwa ikitoa ruzuku ya mbolea, na mkulima ili aipate huandikishwa katika mfumo wa kompyuta, akapewa namba yake kwa njia ya simu, kisha akaenda nayo kwa wakala. Ni mpango mwema, nao umeziba mianya mingi ambayo wajanja waliitumia zamani kula mali ya wakulima. Lakini tazameni mnyororo wenyewe. Namba huja kwa simu. Laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa. Laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa tarehe 20 Januari 2020. Na kitambulisho cha Taifa hakitolewi mpaka uraia wa mtu uwe umethibitishwa. Kwa mtu wa Dodoma mjini mnyororo huu ni mfupi. Kwa mtu wa Rulenge waweza kuwa mrefu kama safari ya Biharamulo kwa miguu.

Kwa nini? Kwa sababu Kishubi na Kihangaza ni ndugu wa Kirundi na Kinyarwanda. Jina ambalo babu wa Rulenge alimpa mjukuu wake laweza kufanana herufi kwa herufi na jina la mtu wa ng'ambo ya mpaka. Ofisa wa uhamiaji hana budi kuuliza, naye ana haki ya kuuliza. Mpaka ni mpaka. Lakini watu wa hapa hawajasahau Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, iliyopita katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita kuwaondoa wahamiaji haramu, ambamo walikumbwa pia watu waliozaliwa huku na kuzeekea huku. Kwa hiyo mwananchi anapoambiwa kwamba "mfumo umekataa", hasikii habari za kompyuta. Asikia habari za uraia wake.

Liko na jambo dogo zaidi, nalo ni la fundi mwenyewe. Karatasi ya kujaza yataka siku, mwezi na mwaka wa kuzaliwa. Bibi aliyezaliwa kabla ya Uhuru ajua kwamba alizaliwa wakati wa njaa fulani, au mwaka ambao mtu fulani alikuwa chifu. Karani atamtafutia tarehe, mara nyingi ya kwanza ya mwezi wowote, ili mtambo uridhike. Kesho yake bibi huyo aenda ofisi nyingine, nako apewa tarehe nyingine. Na siku mifumo miwili itakapokutana itamwona bibi mmoja kuwa ni watu wawili. Fundi kijana aliyepewa kazi ya kuiunganisha mifumo hiyo atawauliza wenzake usiku: nifanye nini na watu ambao tarehe zao hazilingani? Mmoja atajibu: wakatae wote, waje upya. Wa pili atasema: wakubali, kisha uwawekee alama. Wa tatu atauliza: ukiwakataa, watakula nini wakati wakisubiri? Hapo ndipo siasa imeingia. Nani ameileta? Hakuna aliyetoka nje akaileta. Ilikuwamo ndani ya swali tangu mwanzo.

Au twende kwenye tozo. Mwezi Julai 2021 ilianza kukatwa tozo mpya katika fedha zinazotumwa na kutolewa kwa simu. Kwa waandishi wa programu wa makampuni ya simu ilikuwa mistari michache ya hesabu: kiasi hiki, kata hiki. Hata mwanafunzi wa mwaka wa pili angeweza kuiandika. Lakini aliyeiandika naye ana mama kijijini anayemtumia fedha, na makato aliyoyaandika mchana aliyasoma jioni katika simu yake mwenyewe. Watu walipiga kelele nchi nzima, na mwezi Septemba mwaka ule ule Serikali ikaipunguza tozo hiyo kwa asilimia 30. Kelele zile zilikuwa za siasa. Je, tungependa wale waliojua hesabu yake kuliko wote ndio wawe kimya?

Wazee wetu wa Kagera wanapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine, kwa kuwa wamekwisha kulipitia. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilitunga kanuni za kuwalazimisha wakulima wa Bukoba namna ya kutunza mibuni. Yalikuwa mambo ya kilimo: kupogolea, kutandaza nyasi, kuzuia magonjwa. Wakulima walikutana kuzungumza habari za mibuni. Na mibuni ikawafikisha kwenye swali kubwa: huyu anayeniamuru namna ya kushika kisu katika shamba la baba yangu, ni nani aliyempa amri hiyo? Ghasia zikatokea, viongozi wao wakakamatwa. Lakini umoja ule wa wakulima haukufa, na mwaka 1950 kilisimama chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, BNCU, ambacho kahawa na siasa vilikaa ndani yake chumba kimoja.

Na mijini vivyo hivyo. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam walipogoma mwaka 1947 walidai mshahara. Mwaka 1953 wakoloni wakaona hatari, wakawakataza watumishi wa serikali kujiunga na vyama vya siasa. Ati karani na ashughulike na faili lake. Ikawaje? Rashidi Kawawa, aliyekuwa mtumishi wa serikali na kiongozi wa chama cha watumishi wa serikali Waafrika, aliiacha kazi ile akawa katibu mkuu wa shirikisho la wafanyakazi, TFL, lililoundwa mwaka 1955. Mazungumzo ya posho na saa za kazi yaliwatoa vijana waliokuja kuiendesha nchi. Chama kilichozaliwa na watu wa namna hiyo kitawezaje leo kumwambia kijana wa kompyuta, "wewe shughulika na mtambo wako"?

Tena mtambo wenyewe haukuwa mbali na siasa hata siku moja katika nchi hii. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye likafanywa jaribio la kuziweka hesabu za Serikali katika kompyuta, nalo halikufaulu. Fedha zilikwenda, hesabu zikachanganyika. Mwaka 1974 ikatolewa amri ya kukataza kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Vijana wa leo husoma habari hiyo wakacheka. Mimi sicheki. Viongozi wa wakati ule waliona kitu ambacho wengi wetu hatukioni hata leo: kwamba chombo hiki kikiwa mikononi mwa wageni wanaokijua, na wenye nchi hawakijui, basi mwenye nchi amekuwa mgeni katika hazina yake mwenyewe. Waliiona hatari barabara. Dawa yao tu ndiyo iliyokuwa chungu mno, kwani chombo kisichoingia hakifundishi mtu. Marufuku hiyo imeondoka zamani. Leo tuna Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichofunguliwa mwaka 2007, chenye ndaki nzima ya mambo haya, na tuna Mamlaka ya Serikali Mtandao. Wenye nchi sasa wanakijua chombo. Tusishangae basi wakikizungumza kama wenye nchi.

Hata hivyo wazee hawakosi hoja, na ningewadhulumu kama nisingeieleza. Mazungumzo yanayohama yaweza kuhamia mahali pabaya. Ushahidi upo Kenya, kwa jirani.

Matokeo ya uchaguzi wa rais wa Kenya yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, nchi iliwaka moto. Tume ya Jaji Waki ilikuja kuhesabu watu 1,133 waliouawa. Wakati huo Mkenya mmoja mtengeneza programu, David Kobia, alikuwa akiishi Alabama, Marekani, naye ndiye aliyekuwa mwenye Mashada, baraza kubwa la mazungumzo ya Wakenya kwenye intaneti. Watu waliokuwa wamezoea kubishana humo habari za kazi, mpira na maisha ya ughaibuni waligeuka wakawa makabila. Hawa ni wezi, wale ni wauaji, hawa warudishwe kwao. Kobia alijaribu kuwazuia, akashindwa, na mwishoni mwa Januari 2008 akalifunga baraza. Mahali pake akaweka ukurasa mwingine, ambao jina lake kwa Kiswahili ni "Sina Kabila".

Watu wengi wanaijua nusu hiyo ya habari, wakaishia hapo, wakasema: mnaona? Lakini iko nusu ya pili. Mwezi ule ule wa Januari, mwanasheria Mkenya Ory Okolloh aliomba hadharani mafundi wamsaidie kuweka katika ramani mahali ambapo mauaji na uharibifu vilikuwa vikitokea, kwa kuwa habari zilikuwa zikifichwa. Walijitokeza Erik Hersman na Juliana Rotich, na pamoja nao huyo huyo Kobia. Katika siku chache wakawa wametengeneza programu waliyoiita Ushahidi. Mwananchi aliyeona nyumba zikichomwa alituma ujumbe wa simu, na tukio likaonekana katika ramani. Programu hiyo baadaye ilikwenda Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010, na nchi nyingine nyingi.

Mtu yule yule, mwezi ule ule, mikono ile ile: mmoja ulifunga na mwingine ulijenga. Tofauti ilikuwa wapi? Haikuwa kwamba kule kulikuwa na siasa na huku hakuna. Ushahidi ilikuwa siasa tupu, tena ya kuikabili serikali. Tofauti ilikuwa katika kile ambacho msemaji alitakiwa kukileta. Katika Mashada ya siku zile ilitosha mtu kusema "watu wa kabila fulani". Katika Ushahidi ilimpasa aseme ni wapi, ni lini, kimetokea nini. Na hiyo, ndugu msomaji, ndiyo desturi ya ufundi wa programu. Fundi hakubali kuambiwa "programu yako mbaya". Atakuuliza: ulibonyeza nini, ukaona nini, ulitazamia kuona nini, na je, ukirudia litatokea tena? Asiyeweza kujibu hasikilizwi mpaka aweze. Hii ni adabu kubwa ya mazungumzo, na iko mikononi mwa vijana hawa kila siku ya kazi. Kosa lao wanapohamia siasa ni kwamba adabu hii wameiacha mlangoni. Yule aliyekuwa akidai ushahidi wa mstari mmoja asubuhi, jioni anaapa kwa habari aliyoipokea hajui kwa nani.

Sisi wa Ngara hatuna haja ya kwenda Kenya kufundishwa hilo. Mwisho wa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia wilaya hii, na Benaco ikageuka mji wa mahema. Wenyeji waliopanga matofali ya ndoo kwenye visima waliuona msafara ule kwa macho yao. Nyuma yake yalikuwako mauaji ambayo redio ya RTLM ilikuwa imeyachochea kwa miezi mingi kwa kutaja kabila, kisha kwa kutaja majina. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu wakuu wa redio na gazeti la uchochezi tarehe 3 Desemba 2003. Mwaka 1995 hapa Ngara ikaanzishwa redio nyingine, Radio Kwizera, na shirika la Wajesuti la kuwahudumia wakimbizi. Hiyo ilitangaza habari za chakula, za afya, na za watu waliopoteana. Mitambo ni ile ile, waya ni ule ule. Hakuna mzee wa Ngara aliyesema kwamba kwa sababu ya RTLM redio zote zifungwe. Alijua kutofautisha.

Nje ya Afrika nako mafundi wamekuwa wakihama, wakati mwingine kwa namna ya kuchekesha. Kwa miaka mingi katika lugha ya ufundi huu mtambo unaoamuru uliitwa "bwana" na unaotii uliitwa "mtumwa". Mwaka 2018 watunzaji wa lugha ya programu iitwayo Python waliyaondoa maneno hayo, na mwaka 2020, baada ya polisi kumwua George Floyd kule Marekani, kampuni ya GitHub, ambako mamilioni ya mafundi huweka kazi zao, nayo ikaacha kuliita tawi kuu la kazi kwa lile neno la bwana. Mabishano yake hayakuwa na mwisho. Wengine walisema ni haki. Wengine walisema ni kujionyesha. Sisi ambao pwani yetu ina Bagamoyo na mji mkongwe wa Unguja wenye soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, hatuwezi kusema neno hilo halina uzito. Lakini nilipoyasoma mabishano yale nilijiuliza kwa nini wino wote ule ulimwagwa juu ya neno, na kidogo sana juu ya mtu.

Kwa maana mtu mwenyewe alikuwako, tena alikuwa Nairobi. Mwezi Januari 2023 jarida la Time la Marekani lilieleza habari za wafanyakazi wa Kenya, walioajiriwa na kampuni ya Sama, waliofanya kazi ya kusoma maandishi machafu ya kutisha na kuyawekea alama ili mtambo wa OpenAI ujifunze kuyakataa. Ujira wao mkononi ulikuwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Wengine wakifanya kazi ya namna hiyo walisafisha kurasa za Facebook, wakatazama mauaji na unajisi mchana kutwa kisha wakarudi nyumbani kwa watoto wao. Tarehe 1 Mei 2023, Siku ya Wafanyakazi, zaidi ya watu 150 wa kazi hizo walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao cha wafanyakazi. Walianzia wapi? Walianza kwa kuulizana mambo ya kazi: wewe umepewa mafaili mangapi leo, mimi silali usiku, je wewe walala? Yale ni mazungumzo ya makuli wa mwaka 1947, isipokuwa mzigo sasa hauonekani begani. Ningependa vyama vyetu vya wafanyakazi hapa Tanzania viulize mapema ni vijana wetu wangapi wanaofanya kazi ya namna hii vyumbani mwao, bila mkataba, bila bima, kwa mwajiri ambaye hata nchi yake hawaijui.

Narudi Rulenge, nako yuko mtu mmoja ambaye lazima nimtaje. Askofu Christopher Mwoleka aliliongoza jimbo Katoliki la Rulenge tangu 1969 hadi 1996. Azimio la Arusha lilipoleta vijiji vya ujamaa, yeye hakubaki katika nyumba ya askofu. Alikwenda kuishi na kulima pamoja na wanakijiji. Walikuwako waumini, na mapadre pia, waliomshangaa: askofu na siasa wapi na wapi? Kwake yeye kushirikiana mali na kazi kulitokana na imani yake ile ile aliyoihubiri, wala hakuona mahali pa kukata uzi. Waliomwelewa na wasiomwelewa walibishana naye, kijiji kikalimwa.

Yako mambo mengine ambayo hayafai kupitwa kimya. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa nchini, ikarudi baada ya siku kadhaa. Siku zile zilikuwa na misiba mizito kuliko kukatika kwa intaneti, nayo yahitaji makala yake, si kifungu cha makala hii. Lakini kwa habari tunayoizungumza, fikirini fundi ambaye kazi yake yote hupita katika waya ule. Kazi ilisimama, malipo yalisimama, mteja wa nje hakujua kama fundi yu hai. Mtu huyo ukimwambia baada ya hapo kwamba siasa haimhusu, atakuona huna akili. Na mwezi mmoja kabla ya hapo, Septemba 2025, JamiiForums, baraza lililoanza mwaka 2006 na ambalo ndani yake swali la kompyuta na swali la bajeti hukaa jirani, lilisimamishiwa leseni kwa siku 90. Sheria zipo, na asiyetii sheria hujibu. Ila tukumbuke kwamba fundi akikosa mahali pa kusema mbele za watu, hanyamazi. Huhamia katika vikundi vidogo vya simu ambamo hakuna wa kumwuliza ushahidi, na huko ndiko maneno ya kabila hupenda kukua.

Chama kina matawi mpaka huku Rulenge, na tawi ni mahali pa kuzungumza. Sioni kizuizi kwa tawi kumwita kijana wa kijiji aliyesomea kazi hii, siku moja katika mwezi, akae mbele ya wanachama awaeleze mfumo fulani unavyofanya kazi, nao wamweleze unavyowakataa. Wasimwite kumwonya. Yeye aje na daftari, wao waje na karatasi zao. Atakayesema "mfumo unatuonea" aulizwe: lini, dirisha gani, uliandika nini, ulijibiwa nini? Yakishaandikwa makosa kumi yenye tarehe na maelezo, diwani ana kitu cha kupeleka Ngara, na mbunge ana kitu cha kupeleka Dodoma. Sheria ya Kulinda Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mwananchi haki ya kutaka taarifa zake zilizokosewa zirekebishwe. Ni wanachama wangapi wa tawi lako wanaijua haki hiyo? Na kijana wa kompyuta anaijua kwa sababu yeye ndiye aliyeagizwa kuitekeleza.

Jambo lenyewe la kudai ni dogo, nalo limenikaa moyoni kuliko mengine yote. Kila mfumo wa umma unaomkataa mtu uwe na mtu wa kuujibia, katika kata, mwenye jina, mwenye kiti na mwenye uwezo wa kurekebisha. Isiwe namba ya simu ya Dar es Salaam inayopokelewa na sauti ya kinanda. Mvua za kwanza Ngara hushuka Septemba. Mkulima wa Rulenge ambaye tarehe yake ya kuzaliwa imekosewa katika dirisha moja hana miezi mitatu ya kusubiri barua, kwa kuwa mahindi hupandwa katika wiki chache tu, na mbolea ikichelewa kufika shambani msimu huo umekwisha kupita.